Vishimo Kwenye Mlango Mweusi

3 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo tupu ya polishi, mikono nimeiosha vizuri ili karatasi isinuke thina. Simu nimeiacha. Kompresa ilishakula masikio yako, na mara ya mwisho tulipozungumza ni mimi niliyebaki na koo linauma.

Kifurushi kimefika salama na ovaroli yako imepata mwenyewe. Fundi Kimya aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo chumba cha rangi, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa ameivaa na kufunga zipu mpaka kidevuni. Akajitazama kwenye ubavu wa gari nililokuwa nimetoka kuling'arisha, akageuka upande mmoja, akageuka na wa pili. Unamjua, maneno yake ni ya kuomba. Alisema tu, "Inanitosha," akarudi kazini. Anasema ataivaa siku za kupiga rangi gari la mteja, basi, na kuifua hataki. Anasema akiifua atakuwa ameusafisha na mkono wako uliomfundisha kazi. Nimemwambia heshima ikizidi inanuka.

Sasa habari yenyewe. Yule mama mwenye duka la majeneza na magari ya kukodi kwa mazishi, tunayemwita Mama Majeneza (yeye mwenyewe anajua na anacheka), ameleta gari lake kubwa jeusi. Madereva wake hulipangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila msafara, vumbi likiwa bado juu, kwa hiyo bodi yote ina mikwaruzo ya mviringo kana kwamba mtu aliisugua kwa mchanga. Mlango wa nyuma, ule wanaoingizia jeneza, umegongwa na unataka kunyooshwa na kupigwa rangi upya. Amesema, "Wateja wangu hawalalamiki, lakini ndugu zao wamesimama nyuma ya huo mlango hawana kingine cha kutazama." Akiridhika, magari yake yote yatakuwa yetu.

Kimya atapiga rangi mlango, mimi nitashika bodi. Nitaanza na polishi laini na sponji laini, nione kama mikwaruzo inaondoka. Ikikataa ndipo nipande kwenye kali. Rangi ikishakatwa hairudi, hilo ulinifundisha kabla hujaniruhusu kushika mashine. Na mashine nitakayotumia ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Ile yako nzito inayozunguka tu ni nzuri, lakini kwenye kona za boneti inaunguza rangi kabla hujapepesa macho.

Swali langu ni la mwisho wa kazi. Wewe ungepaka nta ya kopo. Mimi nataka dawa ya kinga, ile ya chupa inayopakwa nyembamba ikakauka na kushikana na rangi. Usikunje uso. Nimesoma maandishi yote nyuma ya chupa, haina silikoni. Sheria yako sijaisahau, kwamba silikoni haivuki geti letu, maana tone lake likigusa bati rangi mbichi inalikimbia na kuacha vishimo. Ndiyo sababu ile chupa ya kung'arishia dashibodi, aliyoniachia muuza dawa za magari kama zawadi, haikulala hapa. Niliona neno silikoni nikakutumia wewe kwa ajili ya kiti chako cha ngozi. Je, kinang'aa?

Mpe Mama Mkubwa salamu zangu.

Binti yako,
Kioo


9 Machi

Mwanangu Kioo,

Marahaba. Kiti kinang'aa mpaka kinanitupa chini. Nikikaa nateleza, nikiteleza mama yako mkubwa anacheka. Ile chupa ameiteka nyara. Ameng'arisha kiti, kabati, redio, viatu vyangu vya kanisani, na juzi nimemkuta anaitazama miguu ya meza kwa tamaa. Hapa nyumbani haina ubaya, hatupigi rangi chochote isipokuwa soga.

Umefanya vizuri kumwambia Kimya aifue nguo, na yeye amefanya vizuri kukataa. Ile ovaroli imepiga rangi magari kabla ninyi hamjajua usukani uko upande gani.

Sasa nta. Nta ya kopo kwenye gari jeusi inaleta kina. Ukitazama unaona weusi umeenda chini, kama unachungulia kisimani. Hiyo dawa yako ya chupa inang'aa, sikatai, lakini inang'aa kwa juu juu, kama sahani iliyooshwa. Hiyo ni hoja yangu ya kwanza, na ni hoja ya uzuri.

Hoja yangu ya pili inanipinga mwenyewe, lakini nitaisema kwa sababu mimi si mtu wa kuficha ya kwangu. Gari la mazishi linasimama juani. Watu wanaomba, wanaimba, wanahutubia, na jua linapiga. Nta italainika na kuondoka baada ya muda mfupi, na madereva wale wa kitambaa kikavu watamaliza kilichobaki. Kinga itakaa miezi mingi. Kwa hiyo chagua wewe, lakini ukichagua kinga usije ukaniambia inapendeza kuliko nta. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Jambo moja halina mjadala. Huo mlango ukishapigwa rangi, usiufunike kwa nta wala kwa kinga mpaka wiki kadhaa zipite. Rangi mpya inapumua. Ukiiziba mapema, kilichomo ndani kinakosa pa kutokea, na utaona itakavyofifia na kuvimba.

Na lingine. Jirani wa gereji, yule mwenye duka la saruji, ameniandikia tena, anautaka uwanja wa gereji awekee mifuko yake. Nimemjibu kwamba pale pana rangi na pana polishi, na vyote viwili vinaishi pamoja. Kwenye gereji nyingi vimeshindwana, kila fundi wa rangi anamlaumu mwenye nta. Kwetu havijashindwana kwa sababu ya ule mstari mweupe niliouchora sakafuni, wewe upande wako, Kimya wake. Siku nikisikia vishimo, nitajua mstari umevukwa, na nitauza. Afadhali saruji kuliko ugomvi.

Baba yako Mkubwa

Mwanangu, ni mimi Mama Mkubwa, amelala ndio nimepata kalamu. Hiyo ovaroli imemkaa vizuri huyo kijana? Niliihangaikia, ilikuwa ngumu kama ubao. Na huyo Kimya ana mtu, au yupo yupo tu?


17 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wa saruji. Vishimo vimetokea.

Kimya alinyoosha mlango, akaupiga msasa, akaupangusa kwa kile kitambaa chake anachokificha kama hati ya shamba, akavaa ovaroli yako, akapiga rangi. Nilikuwa upande wangu, mashine imezimwa, chupa zote zimefungwa. Kabla rangi haijatulia, nikamwona ameinama. Ilikuwa imejaa vidoa vya mviringo, kila kimoja na shimo katikati, tangu juu mpaka kwenye kishikio.

Akaikwangua yote, akasafisha bunduki ya rangi kipande kwa kipande, akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye kompresa, akabadilisha thina. Akapiga tena na vishimo vikaja tena, vingi zaidi. Mama Majeneza akatokea wakati huo huo, kwa bahati yetu. Akautazama mlango kwa muda mrefu akasema, "Nilidhani mimi ndiye ninayeshughulika na vitu vilivyooza." Ametupa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo analipeleka kwingine.

Mama Majeneza alipoondoka, Kimya aliiweka chini bunduki yake ya rangi. Kisha akainua macho, akaitazama rafu yangu, chupa moja baada ya nyingine, halafu akanitazama mimi. Baba Mkubwa, ingekuwa heri anitukane. Mtu akikutukana unamjibu. Nimejisikia vibaya sana, na nimejisikia nina hasira zaidi ya vibaya, kwa sababu najua si mimi. Kila chupa iliyoko kwenye rafu ile niliichagua nikijua amesimama upande wa pili wa mstari. Kuna nta nzuri nilizikataa, zinazopakika kwa urahisi na kufutika kwa urahisi, kwa ajili yake tu.

Siombi uniamini bure. Nipe nafasi nitafute.

Kioo


18 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Sijui kuandika marefu. Mlango umeharibika, najua ameshakuambia. Nimesafisha kila kitu ulichonifundisha kusafisha. Sijasema ni yeye. Sitasema. Lakini sina jibu lingine, na rangi haijui kudanganya.

Najua ulichosema kuhusu vishimo na kuuza. Naomba usiuze na usimwondoe. Yeye ana wateja wanaomfuata yeye kwa jina. Fundi wa rangi anapatikana popote. Gereji ya barabara ya pili walishaniita. Nitamaliza mlango huu, nikishindwa nitakwenda.

Ovaroli naivaa kila ninapopiga rangi ya mteja. Inanipa moyo. Nikiivaa naona kama umesimama nyuma yangu.

Usimwambie kwamba nimeandika.

Kimya


23 Machi

Kioo,

Nimekaa na barua yako nikaitafuna. Nitasema mara moja, kwa hiyo soma taratibu.

Vishimo havitoki mbinguni. Vinatoka kwenye chupa. Kimya ana rangi, thina na msasa, na hivyo vyote nilivitumia mimi nikiwa pale na havikuwahi kufanya ukorofi. Kilichoongezeka ni dawa zako mpya. Unasema umesoma nyuma ya chupa. Anayeandika nyuma ya chupa ndiye anayeiuza. Hata mimi ningeandika kwamba najua kuimba.

Kimya hajaniambia lolote, usije ukamnunia.

Naamua hivi. Rafu yako, dawa zako na mashine zako vitoke uwanjani kabla mwezi haujaisha. Tafuta chumba mtaa wa pili, nitakusaidia kodi ya mwanzo. Gari la Mama Majeneza Kimya atalimalizia na kopo langu la nta. Ukikataa, namwita wa saruji aje na karani wake, na hapo hakuna atakayebaki, wewe wala yeye.

Nakupenda kama mwanangu wa kumzaa, na ndiyo sababu simung'unyi maneno. Mimi nimeijua rangi kabla yako.

Baba yako Mkubwa


26 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Sitoki.

Tafadhali usiichane, soma mpaka chini. Ungekuwa huniamini kwa sababu mimi ni mwongo, ningefunga mizigo. Lakini umenihukumu bila kupima, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba macho ya fundi yanaanza pale mdomo unapofungwa. Kwa hiyo nilifunga wangu, nikapima.

Nilichukua boneti kuukuu kwenye chuma chakavu nyuma ya ukuta. Nikaigawa kwa utepe wa karatasi vipande sawa na idadi ya dawa zangu, na kimoja zaidi. Kipande cha kwanza nikakiacha kitupu. Vingine, kila kimoja nilikisugua kwa dawa moja, nikakifuta kwa kile kioevu cha kuondolea mafuta, kama anavyofanya Kimya kabla ya kupiga rangi. Halafu chupa zote nikazifungua nikazipanga pembeni, ili kama kuna ubaya unaoruka hewani uruke mbele ya mashahidi.

Kimya alikataa kwanza. Alisema umeshaamua na yeye hapingi maamuzi yako. Nikamwambia, "Basi piga rangi kwa ajili ya kuniaga." Akakubali. Alivaa fulana yake iliyotoboka, maana ovaroli yako haivai kwa ajili ya chuma chakavu.

Rangi ikakaa kila mahali kama maziwa kwenye kikombe. Hakuna kishimo hata kwenye kipande cha kinga, ile unayoichukia. Kimya aliinama akaikagua kona kwa kona. Kisha akasema, "Si wewe." Akalirudia. Sijui kama umewahi kumsikia akirudia kitu.

Tukafurahi upesi mno. Akasema apige mlango wa Mama Majeneza saa hiyo hiyo, mkono ukiwa bado umechangamka. Akaenda kujiandaa kwa heshima zote, akarudi na ovaroli yako, zipu mpaka kidevuni. Bunduki ile ile, thina ile ile, rangi ya kopo lile lile. Vishimo vikaja.

Nilimtazama yeye, sikuutazama mlango. Nikajiuliza kuna nini sasa ambacho hakikuwepo muda mfupi uliopita, na jibu lilikuwa limesimama mbele yangu limefunga zipu. Nikachukua kitambaa kipya, nikakisugua kwenye mkono wa ovaroli, nikakisugua kwenye kona iliyobaki ya boneti, nikamwomba apige hapo tu. Vikatokea vishimo, Baba Mkubwa, vimejipanga kufuata njia ya kitambaa changu.

Kimya aliivua polepole, akaikunja, akakaa chini akaipakata. Machozi hayakumtoka, lakini sijawahi kuona mtu aliyefanana zaidi na anayelia. Nilitaka kushangilia na nikashindwa.

Kwa hiyo nauliza mimi sasa, kwa adabu zote. Ovaroli hii ilipitia wapi kabla ya kuja kwetu?

Kioo


30 Machi

Mwanangu Kioo,

Ni mimi Mama Mkubwa, na safari hii sikungoja alale.

Barua yako mzee aliisoma mezani, halafu akaisoma tena miwani ikiwa imeteremka puani. Akasema, "Ovaroli ilitoka kabatini ikaingia kwenye kifurushi, itapitia wapi?" Mimi nilikuwa nakuna nazi. Mbuzi ya kukunia ilinisimama katikati ya nazi.

Mwanangu, hiyo nguo alipoitoa kabatini ilikuwa imekakamaa kwa rangi ya miaka, ukiisimamisha inasimama peke yake. Zipu ilikuwa haipandi wala haishuki. Nikaona aibu kumpelekea kijana wa watu nguo kama hiyo, na zaidi nilitaka mzee wangu asifiwe. Nikachukua ile chupa yako. Nikapulizia zipu, ikateleza vizuri ajabu. Nikaona kama zipu imekubali, mikono itakataaje? Nikapulizia mikono, nikapulizia kifua na mgongo, nikaipiga pasi ya moto mpaka ikawa laini na inanukia. Nilijisifu siku nzima. Nikaifunga mwenyewe, nikafunga na kamba.

Sikujua habari za silikoni. Ninyi watu wa magari sheria zenu mnaziandika sakafuni kwenu, hakuna aliyekuja kuchora mstari jikoni kwangu.

Nilifikiri nikuandikie wewe kwa siri ili tulimalize sisi wanawake. Usiku huo sikupata usingizi. Nikaona huyu mzee atakutoa mtoto uwanjani kwa ajili ya pasi yangu, na mimi nimenyamaza. Asubuhi nikamwambia. Tatizo ni masikio yake, unayajua. Nilianza kwa sauti ya kuungama, akasema, "Nini?" Nikapandisha, akasema, "Nani kapiga pasi nini?" Mwisho nikasimama mlangoni nikaitangaza kwa sauti yangu yote, na sasa mtaa mzima unajua kwamba ni mimi niliyeharibu gari la maiti. Muuza mkaa amenipa pole.

Mzee wako alikaa juu ya kile kiti chake, akateleza, akakaa tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikaogopa, halafu akaomba kalamu. Barua yake inakuja nyuma ya hii.

Swali langu la siku ile kuhusu Kimya hujanijibu.

Mama yako Mkubwa


31 Machi

Kioo, na wewe Kimya. Hii isomeni pamoja, mmoja asimame kila upande wa mstari kama mnataka.

Nilisema vishimo vinatoka kwenye chupa. Hapo nilikuwa sawa, na naomba irekodiwe. Kuhusu chupa ilikuwa mikononi mwa nani, nilikosea vibaya. Kioo aliitoa getini kwa ajili ya sheria yangu. Ilikuja kwangu. Mke wangu akaipaka kwenye nguo kwa ajili ya jina langu. Mimi nikaituma kama baraka. Na Kimya akakataa kuifua kwa kuniheshimu. Kila mmoja wetu alifanya jambo jema, na tulivyoyapanga hayo mema ndivyo tulivyouharibu mlango wa Mama Majeneza.

Kioo, nilikuambia nimeijua rangi kabla yako. Ni kweli. Lakini wewe ulipima na mimi nilihukumu, na kwa jambo hilo nina aibu, naisema waziwazi na mama yako mkubwa amesimama hapa kuhakikisha nimeiandika. Nisamehe, mwanangu. Hutoki.

Nilikuambia pia kwamba Kimya hajaniambia lolote. Huo ulikuwa uongo. Aliniandikia siku moja baada yako, akaomba aondoke yeye ili ubaki wewe, na akaniomba nisikuambie. Kimya, nimemwambia nikiwa nimekaa vizuri, na sijutii.

Wa saruji nimemwandikia atafute uwanja mwingine, na asiniandikie tena mpaka awe na gari la kupigwa rangi. Mwezi wa sita nakuja tuandikishe pale mahali kwa majina yenu wawili. Vishimo ndivyo vilivyokuwa hofu yangu, na sasa nimeona mnavyofanya vikitokea.

Ovaroli ifueni. Maji ya moto, sabuni ya unga, mara nyingi kadiri itakavyohitaji. Mkono wangu haumo kwenye jasho langu, Kimya, umo kwenye wako. Ikishindikana kutakata, ichomeni, na mimi nitasikia harufu kutoka huku.

Mwombeni Mama Majeneza muda kidogo, mwambieni ukweli, atacheka. Gari lake nta au kinga, sitii neno. Chagua wewe.

Baba yenu


11 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama Mkubwa, shikamoo.

Mama Majeneza alicheka, kisha akatuongezea muda. Alisema kwenye kazi yake hajawahi kusikia marehemu akicheleweshwa na pasi.

Kimya alipiga mlango akiwa na fulana iliyotoboka, ukakaa vizuri mara moja. Bodi iliyobaki niliiosha, nikaitoa uchafu uliogandamana kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi, nikaipiga polishi laini. Mikwaruzo mingi ikaondoka, na ile michache iliyogoma sikuishupalia, maana rangi ya juu ilikuwa nyembamba. Juu yake nikapaka kinga. Mlango wa nyuma nikauacha mtupu, bila nta wala kinga, kama ulivyosema. Nilimwambia Mama Majeneza alirudishe gari rangi ikishapumua, na madereva wake wakigusa mlango ule kwa kitambaa kikavu nitajua. Nadhani waliniogopa. Juzi amelirudisha, mlango hauna mkwaruzo.

Na hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho hukukitarajia. Nilifungua kopo lako la nta. Bodi yote ina kinga, kwa sababu ya jua, na sitabadili msimamo. Mlango wa nyuma nao nimeupa kinga, na ilipokauka kabisa nikaongeza nta yako juu yake, mlango huo peke yake, kwa ajili ya wale wanaosimama nyuma bila kingine cha kutazama. Itaondoka upesi, najua. Kila atakapolileta nitaipaka tena. Ulisema kweli kuhusu kisima, weusi umeenda chini. Nilitaka usikie kutoka kwangu, na sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama Majeneza alisimama mbele ya mlango ule, akajiona, akarekebisha kitambaa chake cha kichwani. Hakusema kama mlango umependeza. Aliuliza magari mengine ayalete siku gani.

Mama Mkubwa, kuhusu swali lako la Kimya, njoo umuulize mwenyewe, kwa sauti ile ile uliyotumia mlangoni. Mimi nitakuwa upande wangu wa mstari, nikisikiliza.

Anataka kuongeza neno hapa chini. Nimemwachia nafasi kubwa, sijui kwa nini.

Kioo

Baba, nimeifua mpaka maji yakawa meupe. Tumeisugua kwenye boneti, nikapiga rangi, hakuna kishimo. Nimeivaa leo. Madoa yako ya rangi hayakutoka hata moja.

Kimya